Chamonix wiki moja, watu wanne, wawili hawajawahi kuvaa skii: mpango huu una kasoro?

Mpangaji_wa_Safari
Wakuu, heshima kwenu. Tunapanga siku saba bonde la Chamonix, Ufaransa, wiki ya mwisho ya Februari. Tuko wanne: mimi njia nyekundu (ngumu kiasi; buluu ni rahisi, nyeusi ni ngumu kupita zote) naziweza, mke wangu na shemeji hawajawahi kuvaa skii, na kuna mtoto wa miaka 8. Nyumba tumeiona Les Praz, karibu na gari la kebo la Flégère. Nataka kununua pasi kubwa ya viwanja vyote vya bonde, Mont Blanc Unlimited, kwa wote, asubuhi tupande pamoja, jioni tuteleze hadi mlangoni. Siku ya tano wote tushuke Vallée Blanche, ile njia ndefu ya juu ya barafu ya mlima. Semeni ukweli.

Mlimani_Tena
Mkuu, hapo kwenye "hadi mlangoni" ndipo pa kuanzia. Njia ya kutoka Flégère hadi Les Praz ni nyeusi, na ya kutoka Brévent, uwanja wa jirani, hadi mjini Chamonix nayo nyeusi. Mwenye siku nne za mafunzo hazigusi. Jioni anarudi kwa gari la kebo alilopandia, na foleni ya kushuka huwa ndefu, kwa hiyo msisubiri dakika za mwisho.

Pili, ramani inadanganya macho. Bonde hili si uwanja mmoja wa skii. Brévent na Flégère zimeunganishwa, hizo tu. Grands Montets iko Argentière, Balme iko huko juu Le Tour na Vallorcine, Les Houches iko chini upande wa pili. Kutoka moja kwenda nyingine ni basi au treni. Mwenye nyumba hutoa kadi ya mgeni ya usafiri wa bondeni. Idaieni mkifika tu, wengine husahau.

Wanaoanza wapelekwe La Vormaine pale Le Tour, au Les Chosalets. Siku mbili tatu za mwanzo tiketi ya eneo la wanaoanza inawatosha. Pasi kubwa kwao ni pesa ya bure. Wakishaweza kusimama na kukata kona, wapande Balme, njia pana za buluu. Ila Balme haina miti: wingu likishuka, nyeupe ya juu na ya chini vinakuwa kitu kimoja na hujui unakanyaga nini. Siku kama hiyo nendeni Les Houches, miti inakupa alama. Angalieni pasi lakini: Les Houches imo kwenye Unlimited, haimo kwenye ile ndogo, Chamonix Le Pass.

Kamba_na_Shoka
Mimi nina neno kuhusu Vallée Blanche tu. Ondoa neno "wote".

Ni takribani kilomita 20 juu ya barafu ya mlima, kuanzia Aiguille du Midi, mita 3,842. Haina alama wala doria. Kabla hata ya kuvaa skii mnashuka kwa miguu tuta jembamba la theluji, mmefungwa kamba na kiongozi, shimo pande zote mbili. Kisha kuna nyufa, nyingine zimefunikwa na theluji laini. Ndiyo maana huvaa mkanda wa kukwea hata pale panapoonekana tambarare: ukitumbukia, bila mkanda hakuna pa kufungia kamba ya kukuvutia. Kifaa cha kutafutia waliofukiwa, koleo na fimbo ya kuchomea theluji navyo vinabebwa.

Kipimo ni kuteleza njia nyekundu skii zikiwa sambamba, kwenye theluji ya aina yoyote, kutwa nzima. Wewe pengine unafaa. Weka nafasi kwa kiongozi mwenye leseni mapema, na uache siku moja ya akiba, kwa kuwa upepo hufunga gari la kebo. Wenzako wapande treni ya Montenvers wakusubiri juu, ndiko utakakotokea.

Buti_Linabana
Nyongeza za haraka.

Bima: ya viza ya Schengen inatakiwa kufika angalau euro 30,000, lakini nyingi haziingizi skii. Soma kipengele cha michezo ya theluji. Kuokolewa ndani ya njia za skii Ufaransa unalipa mwenyewe. Kuna bima ya siku, Carré Neige, inauzwa pamoja na pasi.

Viza: hata mkitua Geneva, Uswisi, mnalala Ufaransa, basi ombi linakwenda Ufaransa.

Buti: soksi jozi moja, nyembamba, ndefu. Soksi mbili hufanya mikunjo, damu haipiti vizuri, mguu unauma na unapoa. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti viachie. Kisigino kikiinuka, rudisha dukani.

Kifungio cha skii, kile kinachoshika buti, hukazwa kulingana na uzito wako, kimo, urefu wa soli ya buti na uwezo. Ukijisifu mbele ya fundi atakikaza, na siku ya kuanguka skii haitaachia. Goti ndilo litakalolipa.

Wiki ya mwisho ya Februari ni likizo za shule Ufaransa. Madarasa ya watoto hujaa, na Jumamosi barabara husimama.

Mpangaji_wa_Safari
Nimewaelewa. Vallée Blanche naenda peke yangu. Tarehe naweza kusogeza hadi katikati ya Machi. Theluji itakuwepo?

Mlimani_Tena
Juu ndiyo. Mjini ni mita 1,035 tu, kwa hiyo viwanja vya chini usivitegemee. La Vormaine iko juu zaidi. Machi fuateni jua: Brévent na Flégère zinatazama kusini, asubuhi ni ngumu kama kioo, mchana inalainika, alasiri inakuwa uji. Wanaoanza wasiende huko saa tatu. Wewe anzia Grands Montets, inatazama kaskazini na theluji yake hukaa kavu. Na nyumba, kama bado hamjalipa, hamieni Argentière: Les Chosalets mtafika kwa miguu, na Le Tour ni safari fupi ya basi.