Walimu wa awali, tupeane uzoefu: watoto wenu wanachora vyao au wanachora vyenu?

ChakiNyeupe: Habari za jioni wakuu. Nafundisha awali, huu mwaka wa 6, na kuna jambo bado linaniuma. Niliwahi kuchora embe ubaoni nikawaambia watoto wachore kama langu. Nikapata maembe 50 na kitu, yote yameinamia kushoto kama la kwangu. Moja tu lilikuwa na tundu kubwa ubavuni. Nikalitia kosa. Mtoto akasema, "Mwalimu, hili limeliwa na popo." Na kweli, nje ya darasa kuna mwembe, popo hawatuachii kitu. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyechora embe. Wengine walichora ubao. Tangu hapo kipindi cha sanaa sigusi chaki. Wenzangu mnafanyaje?

MamaKona: Pole mwalimu, kosa hilo tumelitia wengi. Kwangu wako 80 na ushee, karatasi hazitoshi hata za mtihani. Nilikimbilia udongo wa kichuguu. Unautwanga, unauchekecha utoke kokoto, unaulowanisha mpaka ushikamane, kisha unauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, juu kitambaa kibichi. Siwaambii wafinyange nini. Wakimaliza nasema, "Haya, nipe habari zake." Ukiuliza "hiki ni nini?" mtoto anaona amekosea, ananyamaza. Halafu wale waliokuwa wanashika penseli kama mchi, vidole vimepata nguvu kwa kukanda tu.

BabaPacha: Mimi ni mzazi, niseme ukweli wangu. Nilimfuata mwalimu kwa hasira: ada nalipa, mtoto anarudi na matope, wenzake mtaani wanaandika a e i o u! Hakubishana nami. Akaanza kuandika chini ya kila mchoro maneno ya mtoto mwenyewe. Siku moja nikaletewa mistari imezungushwazungushwa, chini yake: "Pikipiki ya baba imekataa kuwaka, baba anaigombeza." Nilicheka mpaka mama yao akatoka jikoni. Sasa mtoto ananisomea maneno yale kwa kidole, neno kwa neno, kwa sababu ni yake. Matope silalamiki tena, ingawa sare ni mimi ninayenunua.

UkiliNaMsumari: Salamu kutoka Mombasa. Huku sanaa imo kwenye mtaala, PP1 na PP2 (miaka miwili ya awali kabla ya darasa la kwanza), lakini kuwemo kwenye mtaala si kuwemo darasani. Rangi twatengeneza wenyewe: manjano ya jikoni, mkaa uliosagwa, hina, kila moja kwa uji mwepesi wa ngano ishike karatasi. Brashi ni mswaki wa mti, waponda ncha. Angalieni tu, manjano hayatoki kwenye nguo, na mchoro ukiuweka juani rangi yapauka upesi.

ChakiNyeupe: Asante dada. Mimi mwalimu mkuu anasema kona yangu ya sanaa ni kelele na uchafu. Kesho namwalika aje asikilize habari za maembe. Nyekundu naweza kupata kwenye choya?

MamaKona: Unapata, ila usitumie iliyobaki ya kunywa. Yangu ilikuwa na sukari. Asubuhi tulikuta sisimizi wamejipanga kwenye michoro yote, na wiki nzima hakuna aliyetaka kuchora kitu kingine zaidi ya sisimizi.