Napanga upya tovuti ya hospitali, wageni wa kila aina watapataje wanachokitafuta? Naombeni ushauri

MpangaKurasa: Habari zenu wadau. Nimepewa kazi ya kupanga upya tovuti ya hospitali, nimekwama kwenye menyu. Wanaoingia ni mchanganyiko: mgonjwa anataka miadi, ndugu anataka saa za kuona wagonjwa, mjamzito anauliza kliniki ni siku gani, daktari wa nje anataka kutuma rufaa, wengine wanatafuta ajira. Uongozi unataka ukurasa wa kwanza uwe na milango, "Mimi ni mgonjwa", "Mimi ni mgeni", "Mimi ni daktari", kila mtu aingie kwake. Moyo wangu unakataa ila sina hoja ya kuwapa. Mnasemaje?

nesi_mapokezi: Moyo wako uko sahihi. Nikuulize, binti anayemtafutia mamake daktari wa macho ni mgonjwa au mgeni? Hata yeye hajui, atabahatisha mlango mmoja, akikosa anaona tovuti haina kitu anapiga simu, na hizo simu napokea mimi kutwa nzima, watu wanauliza vitu ambavyo vimo humo humo kwenye tovuti. Mtu anaingia na shida yake, hana habari na kundi mlilompanga. Andikeni shida yenyewe: weka miadi, chukua majibu ya vipimo, saa za kuona wagonjwa, malipo na bima.

MpangaKurasa: Asante dada, nimekupata. Na madaktari wa nje je?

Fundi wa Menyu: Hao wape mlango wao, na waombaji kazi pia, maana wanajijua na mambo yao hayaingiliani na ya wagonjwa. Tatizo kubwa naloliona ni menyu kufuata idara za hospitali. Mtu anaumwa mgongo, atajuaje aanzie mifupa au mishipa ya fahamu? Angalia tovuti ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, wana orodha ya magonjwa A mpaka Z, unaanza na kinachokusumbua. Halafu omba rekodi za kisanduku cha kutafutia, uone watu wanaandika nini na wapi wanarudishiwa patupu. Anaandika "presha", ukurasa umeandikwa "shinikizo la juu la damu", anaambiwa hakuna matokeo, anaondoka. Unganisha hayo maneno mkuu, ni kazi ndogo na faida yake utaiona haraka.

NasomaKwaSikio: Naomba msitusahau tusioona. Mimi natumia TalkBack, simu inanisomea. Ratiba ya kliniki ikiwekwa kama picha simu inasema "picha" basi, sipati siku wala saa, inabidi nimuombe mtu anisomee habari zangu za kiafya na hilo linauma sana. Ratiba iwe maandishi, vichwa vya habari viwe vichwa kweli sio maandishi yaliyokolezwa tu, na kila kisanduku cha fomu kiwe na jina lake. Fuata WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, umetolewa 2023 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Ngazi yake ya kati, AA, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5:1, hilo litawasaidia na wazee ambao macho yamechoka.

mama_P: Na PDF jamani! Mtu ana bando dogo na mtoto anachemka, unamfungulisha faili la kurasa kibao atafute namba ya dharura. Hiyo namba iwe juu ya kila ukurasa, ukiigusa inapiga.

Fundi wa Menyu: Kweli kabisa. Na uongozi usibishane nao kwa mdomo, fanya jaribio. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu 5 kunatosha kuonyesha matatizo mengi, na ukiwa na makundi matatu au zaidi ya watumiaji chukua watatu kila kundi. Mpe mtu simu, mwambie "mamako amelazwa, tafuta saa za kumwona", kisha nyamaza kabisa, usimwelekeze, angalia anagusa wapi kwanza. Mwalike bosi mmoja akae pembeni aone.

nesi_mapokezi: Na mapokezi wenu waandike kila swali la simu kwa wiki moja, hapo utajua cha kuweka juu.

MpangaKurasa: Nimewaelewa wote. Kesho naanza na mapokezi, halafu naomba ruhusa ya kufanya jaribio. @NasomaKwaSikio, muundo wa kwanza ukiwa tayari naweza kukutumia uupitie na TalkBack?

NasomaKwaSikio: Nitumie. Anza na fomu ya miadi, ndipo huwa tunakwama.