Mkuu yule yule, shule mbili, matokeo tofauti

Mwalimu wa Taaluma: Ndugu zangu, naomba msaada. Mkuu wetu wa shule aliinua nidhamu na ufaulu katika shule yetu ya zamani kwa kukagua maandalio ya masomo kila wiki na kutomvumilia mchelewaji. Alihamishiwa shule nyingine ya sekondari, nami nikapelekwa huko baadaye. Mtindo wake ni ule ule, lakini walimu wa huku wanamkwepa na kazi imelegea. Je, uongozi bora si sifa ya mtu mwenyewe?

Mhadhiri wa Utawala: Fred Fiedler, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyefanya utafiti wake Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba ufanisi hutegemea mtindo wa kiongozi unavyooana na mazingira, ambayo aliyapima kwa mambo matatu: uhusiano wake na walio chini yake, uwazi wa kazi, yaani jinsi majukumu yalivyoelezwa bayana, na mamlaka ya cheo. Anayetanguliza kazi hufaulu hali inapomwendea vyema sana au vibaya sana. Hali ikiwa ya kati, hufaulu zaidi anayetanguliza watu. Hebu tuambie, ni lipi kati ya hayo matatu lililobadilika?

Mwalimu wa Taaluma: Mihtasari ni ile ile na cheo ni kile kile. Kule, hata hivyo, alipandishwa akiwa mwalimu mwenzao, ilhali huku amekuja mgeni na kukuta walimu wamegawanyika makundi.

Mhadhiri wa Utawala: Basi ni uhusiano pekee uliovunjika, na hilo linatosha kumshusha kutoka hali nzuri hadi ya kati, ambako ukaguzi wake haumsaidii tena.

Afisa Utumishi Mstaafu: Nakubali uchambuzi huo, ila sikubaliani na Fiedler alipoona kwamba mtindo wa mtu ni mgumu kubadilika na kwamba ni afadhali kuyarekebisha mazingira. Hersey na Blanchard, wataalamu wa uongozi wa Marekani, mwaka 1969 walimtaka kiongozi abadili mtindo kulingana na ukomavu wa anaowaongoza, na katika utumishi nimewaona wakuu walioweza. Mwalimu wa ajira mpya anahitaji kukaguliwa andalio lake. Mkongwe aliyefundisha miaka 20 huliona jambo hilo kuwa dharau. Mkuu wenu angewaachia wakuu wa idara ukaguzi huo, yeye akakaa kwanza na makundi hayo yaliyogawanyika.