Tupeane uzoefu: grauti iliyokaukia juu ya marumaru na mawe ya asili, mliitoaje?

Binti wa Tanga (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Nyumba ya mama tumeiwekea marumaru halisi, ya jiwe lenyewe, si tailizi za kuchomwa kiwandani. Marehemu baba aliinunua kidogo kidogo kwa miaka, boksi hili mwaka huu na lile mwaka unaofuata, akaondoka kabla haijalazwa chini. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Fundi alijaza grauti ya kijivu, kile kijazio cha mianya kati ya vipande, Ijumaa alasiri, akafuta juujuu, akaenda zake. Karudi Jumatatu. Sebule nzima ina utando, na pembezoni kuna mabonge magumu kama mfupa. Akasema tumwage ile dawa kali ya chooni. Nikamwomba ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Povu lilichemka palepale. Alipoosha, mng'ao haupo, pamebaki baka lililofifia, na ukipitisha kidole unasikia linakwaruza. Nikasimamisha kazi.

Naomba waliopitia hili wanisimulie: jiwe lilikuwa gani, grauti ilikuwa na siku ngapi, mlitumia nini. Na palipoharibika msifiche, panatusaidia zaidi.

Fundi Mlazaji, Dar

Pole sana dada, na hongera kwa kile kipande, kimekuokolea sebule. Mimi nalaza mawe tangu 2003 na kosa hili nimelikuta kwenye nyumba nyingi.

Marumaru, travertino na mawe ya chokaa ni ukoo mmoja. Tindikali inayokula grauti, kama iliyomo kwenye ile dawa ya chooni, inakula na jiwe, haichagui. Tailizi za kuchomwa zina tabaka la kioo juu, ndiyo maana huko ile dawa inakubali na mafundi wengi wameizoea. Kwenye marumaru hata siki na ndimu zinaacha alama, mama aambiwe mapema asije akasafishia.

Mimi hufanya hivi. Naloweka matambara kwa maji ya kawaida, nayatandaza juu ya grauti, nafunika kwa nailoni yasikauke, naacha kama saa mbili. Halafu nakwangua kwa kitu kilicho laini kuliko jiwe: kijiti cha mti kilichochongwa bapa, mwiko wa plastiki, kadi ya benki iliyokwisha muda. Kisu cha chuma kinaichora marumaru, usimruhusu mtu. Utando mwembamba unaubembeleza kwa brashi ya nailoni na maji yenye sabuni isiyo na ukali, na maji unabadilisha kila mara, maana maji machafu yanaurudisha palepale ulipoutoa.

Usichelewe. Simenti huendelea kukomaa mpaka siku 28 hivi, kwa hiyo ya leo ni rahisi kuliko ya wiki ijayo.

Granaiti ni habari nyingine, ni ngumu zaidi. Niliwahi kutoa grauti kwenye kaunta ya jikoni kwa wembe nikiulaza chali, maji yakiwa juu, na haikubaki alama. Ile ilikuwa granaiti. Kwako usijaribu.

Mama wa Nyali

Mimi yangu ilikuwa ukutani, mawe ya mchanga ya Mazeras, kule karibu na Mombasa, pale barazani. Yale hayana mng'ao, yana mikwaruzo na vishimo, na grauti iliingia kila kishimo. Kijana alianza kusugua kwa brashi ya waya. Ikatoka kweli, tukafurahi. Mvua za masika zilipokuja, ukuta ukaota madoa ya rangi ya kutu: vile vipande vidogo vya waya vilikuwa vimebaki ndani ya jiwe.

Sehemu iliyobaki nilikaa nayo mwenyewe kila jioni baada ya Asri, na kijiti cha mwarobaini, brashi ya plastiki na ndoo. Siku tisa. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote hivi leo. Madoa ya kutu bado yapo, na nikipita huwa nayatazama.

Mdau wa Unguja

Naongezea la kwangu kwa uchungu. Bafu la wageni, marumaru nyeupe. Fundi alitumia tindikali, mimi sikuwepo. Niliporudi sakafu ilionekana kama ina maji yasiyokauka. Nilifuta na taulo mara tatu nikidhani ni unyevu. Hayakuwa maji, ilikuwa ngozi ya jiwe imeliwa. Hakuna sabuni inayorudisha hapo. Ilibidi ing'arishwe upya kwa mashine, vumbi na maji nyumba nzima, na fedha iliyotoka ilizidi ya kulaza.

Dada wa Muscat

Assalaam aleikum. Huku marumaru ni kitu cha kila nyumba, na nyumba ninayoishi walijaza grauti ya epoksi. Dada mleta mada, hakikisha kwanza yako ni ya simenti. Epoksi ni kama gundi, maji hayaifanyi kitu. Yangu ililainika kwa joto: nilipasha taratibu kwa kikausha nywele, pahala padogo padogo, kisha kadi ya plastiki. Ukipasha kwa pupa jiwe linaweza kupasuka.

Palipobaki hafifu waliletwa watu wa kung'arisha wenye diski za almasi, wakaanzia namba 400 iliyo kali wakapanda mpaka 3000 iliyo laini. Sakafu ilirudi kama kioo.

Fundi Mlazaji, Dar

Dada wa Muscat kasema kweli. Na kwa wanaojenga sasa: jiwe lipakwe sila, ile dawa ya kulikinga, KABLA ya grauti, si baada tu. Sila inaziba vinyweleo, grauti haipati pa kushika. Kisha jaza eneo dogo, futa baada ya dakika 15 hadi 30 kwa spenji iliyokamuliwa. Fundi anayejaza chumba kizima ndipo aanze kufuta, msimamishe kwa heshima, lakini msimamishe.

Binti wa Tanga (mleta mada)

Nimerudi. Leo ni siku ya 11 tangu nianze. Ni ya simenti, niliijaribu kwenye bonge moja, lilivunjika kama biskuti lilipolowa. Mimi na mdogo wangu tunaloweka asubuhi, tunakwangua kwa mwiko wa plastiki na vijiti alivyotuchongea jirani yetu seremala. Utando wa sebule umetoka wote. Mabonge ya pembezoni yamebaki manne, karibu na mlango, tunayaloweka kwa mara ya tatu usiku huu.

Kipande kile kilichoharibiwa sikukitupa. Nimekiweka stoo pamoja na viwili vizima, ikitokea siku ya kuziba. Mama alishuka asubuhi akavua ndala, akatembea pekupeku toka mlangoni mpaka dirishani, akasema pana ubaridi. Mama wa Nyali, asante, kijiti cha mwarobaini nimekitafuta na hakikatiki ovyo.