Mjadala: Mafuta ya mimea kwenye injini za dizeli, tuyachome au tuyaache jikoni?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila dizeli inapopanda bei hoja hii inarudi: kwa nini tusikamue mbegu zetu wenyewe tukaendeshea mashine? Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnishambulie vizuri. Kwa mashine za kusaga na kusukuma maji, huko huko mbegu zinakokamuliwa, naunga mkono. Kutenga mashamba makubwa kwa ajili ya magari, nakataa.

Injini inawaka, hilo halina ubishi. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lilikuwa la serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na jicho kwenye karanga za makoloni yake ya Afrika. Shamba letu, hesabu za wengine, tangu siku hiyo.

Nasi Tanzania tumeonja. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ili ipande mbono kaburi (jatropha), mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kufikia 2011 kazi ilikuwa imesimama na vibarua wamerudi nyumbani, ardhi haikurudi nao. Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilichukua hekta kama 34,000, ikafilisika 2010. Mbono ulisifiwa kwamba unaota popote. Kuota unaota kweli. Kuzaa ndiko kunakotaka maji na mbolea kama zao lingine lolote.

Fundi Pampu

Mkuu, hapo kwenye "halina ubishi" umepita mbio. Njoo gereji. Mafuta mabichi ya mimea ni mazito kutiririka kuliko dizeli hata mara kumi, nozeli haiwezi kuyapuliza yakawa ukungu. Yakitoka matone hayaungui yote: masizi yanajaa kwenye ncha ya nozeli, ringi zinanata, yanayobaki yanateremka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na oili inakuwa uji. Gari halifi siku hiyo, ndiyo maana mwenye nalo anatamba wiki za mwanzo.

Lister ya zamani, injini ile ya kusagia na kusukumia maji, au Land Cruiser ya injini ya 1HZ itavumilia, hasa ukiiwasha kwa dizeli, ikishapata moto ndipo ubadilishe, na kabla ya kuzima urudi kwenye dizeli. Hizi injini mpya za nozeli za umeme usithubutu. Na vile vichupa vya kumimina kwenye tangi vinavyouzwa barabarani, hakuna kinachogeuza alizeti kuwa dizeli.

Mama Alizeti, Singida

Mnazungumza nozeli, mpishi mmemsahau. Lita ya alizeti dukani inaizidi lita ya dizeli kwa bei, na nchi bado inaagiza mafuta ya kula. Indonesia, wanaotuuzia mawese, wanayachanganya kwenye dizeli yao: asilimia 35 mwaka 2023, 40 mwaka 2025. Na walipozuia mawese yasitoke nje kwa wiki chache mwaka 2022, mliona ndoo ya mafuta ilivyokuwa. Sasa mnataka na hiki kidogo chetu kiingie kwenye tangi?

Mwalimu wa Kemia

Dada, hakuna aliyesema alizeti mpya. Kuna mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki. Yachuje, yakaushe maji, changanya na methanoli na kostiki soda, glisirini inazama chini na juu inabaki biodizeli, ambayo uzito wake wa kutiririka unakaribia ule wa dizeli ya sheli. Fundi anashambulia mafuta mabichi, hii ni kitu kingine. Yakiwa na maji mengi utapata sabuni badala ya mafuta, na methanoli ni sumu inayopofusha. Si kazi ya uani.

Mwanzisha mada

Mwalimu, tatizo ni kwamba mafuta ya chipsi hapa kwetu hayaishi. Hoteli kubwa inayamwaga, au inamuuzia kijana wa kibandani naye anakaangia tena mpaka yawe meusi. Ukiyanunua wewe ukayapeleka kwenye injini, mimi nitashangilia kwa ajili ya matumbo yetu, lakini lori ngapi zitatembea kwa hayo?

Mimi nilifikiria uzio. Mbono tumeupanda miaka yote kuzunguka boma na makaburi, mbuzi hawaugusi, hauli ardhi ya mahindi. Kilo nne au tano za mbegu zinatoa lita moja. Kijiji kikiwa na kinu kimoja cha kukamulia na Lister moja, mahindi yanasagwa.

Mama Alizeti, Singida

Kaka, kilo tano hizo nani anazichuma, anazimenya, na kwa shilingi ngapi? Mbono hauivi kwa mkupuo, leo tunda hili, wiki ijayo lile. Halafu mashudu. Ya alizeti nawauzia wafugaji na ndiyo yanayonilipia kukamua. Ya mbono yana sumu, ng'ombe hawezi kula. Taja bei ya kilo ya mbegu kwanza, ndipo nikwambie kama nitainama.