Tupeane uzoefu: uliyewahi kukaa na timu ya chuo inayofungwa msimu mzima huku Marekani, ilikuwaje?

Jirani wa Tallahassee (mleta mada)

Habari za Jumamosi wakuu. Nipo Tallahassee, Florida, tangu 2022. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Huu mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, nyumbani sikuwahi kuutazama hata dakika tano. Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu aliyesoma hapahapa, chuo kikuu cha Florida State. Msimu wa 2023 alikuwa ananiita kibarazani kwake, ananionyesha nani anarusha, nani anazuia, kwa nini mchezo unasimama kila mara. Mwaka ule timu ilishinda mechi 13 mfululizo. Mimi mgeni nikadhani ndivyo siku zote inavyokuwa.

Ikaja 2024. Mechi ya kwanza ilichezwa Dublin, Ireland, tarehe 24 Agosti. Georgia Tech wakapiga mpira ukapita kati ya nguzo muda ukiwa umekwisha, 24-21. Tukasema bahati mbaya. Siku tisa baadaye Boston College wakaja hapa nyumbani, 28-13. Kisha Memphis. Timu iliyoanza ikiwa nafasi ya 10 kwa ubora nchi nzima ilimaliza Septemba ikiwa imeshinda moja tu kati ya tano.

Ndugu zangu wa nyumbani mnielewe hapa. Ligi Kuu yetu Tanzania ina mechi 30, ukifungwa tatu za mwanzo bado una 27 za kujirekebisha. Huku msimu wa kawaida ni mechi 12 basi. Ukipoteza tatu, robo ya mwaka imekwenda, na kijana wa mwaka wa mwisho hana mwaka mwingine.

Watu wanaitaja sana ile 52-3 tuliyofungwa na Notre Dame, lakini mimi siyo iliyoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba ukiondoa mechi moja dhidi ya chuo cha daraja la chini, hakuna siku hata moja timu ilipita alama 21. Mrushaji mkuu aliumia mkono kwenye mechi na chuo cha SMU. Washambuliaji wanaingia, wanatoka mikono mitupu baada ya dakika moja, walinzi wanarudishwa uwanjani hawajapumua. Ikifika robo ya nne unawaona miguu imeisha, wanapitwa na watu walewale ambao mapema waliweza kuwazuia. Unaona kabisa kinachokuja. Baada ya Notre Dame makocha wasaidizi watatu waliondolewa. Mwisho wa hesabu, tumeshinda mbili, tumefungwa kumi.

Jirani yangu hupandisha bendera ya timu barazani kila Jumamosi asubuhi. Jumamosi iliyofuata ile 52-3 hakukuwa na mechi, lakini bendera nikaiona juu. Nikavuka barabara nikamwambia, mzee, leo hawachezi. Akasema anajua. Akanivutia kiti. Kumbe 1973 alikuwa mwanafunzi hapa, walicheza 11 wakafungwa zote 11, na 1974 wakashinda moja tu. Matokeo yenyewe hayakumbuki vizuri, ila anakumbuka waliokuwa wanakaa naye jukwaani, mmoja mmoja, na nani alikuwa analeta karanga za kuchemsha. Wawili wameshafariki. Tulikaa pale mpaka giza likaingia.

Tangu siku ile nina hamu ya kuwasikia wengine. Kama ulisoma, ulifundisha, ulifanya kazi au una mtoto kwenye chuo ambacho timu ilikuwa inafungwa tu, tueleze wiki zilivyokuwa zinakwenda. Karibuni.

Mwalimu Moro

Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa Lawrence, Kansas, mwaka wa masomo 2015/16, nimekwenda kufundisha Kiswahili chuo kikuu pale. Mwaka huohuo timu ilicheza 12 ikafungwa zote 12.

Mechi ya kwanza South Dakota State, chuo cha daraja la chini, walishinda 41-38 pale nyumbani. Oktoba tulipofika, jukwaa lilikuwa limebaki na wazazi, bendi na wachache wenye roho ngumu. Juu ya uwanja kuna kilima chenye mnara wa kengele, unaweza kukaa kwenye nyasi ukaona mchezo bila kiingilio. Nilikuwa nakaa huko na wageni wenzangu. Na mjue ni chuo kinachoabudu mpira wa kikapu. Ukumbi wa kikapu unajaa pomoni huku hawa vijana wanacheza karibu na viti vitupu, mji mmoja, jezi za rangi moja.

Darasani kwangu alikuwepo mchezaji mmoja, mtoto mkubwa ajabu, dawati lilikuwa halimtoshi. Jumatatu anaingia anachechemea. Wenzake hawajui wamwambie nini, wanatazama simu. Mimi nikamwambia tu kama ningemwambia mtu yeyote kwetu: "Pole." Akauliza maana yake. Nikajaribu kwa Kiingereza, nikakwama, maana neno lao, "sorry", ukilitumia mtu anakuuliza wewe umemkosea nini. Nikamweleza kwamba pole haina kosa ndani yake. Nimeona umebeba mzigo, ndiyo maana nakusemesha. Akaiandika kwenye daftari.

Wiki iliyofuata, kabla sijafungua mlango, darasa zima wanamwambia "pole na mchezo", naye anajibu "nimeshapoa", kama nilivyowafundisha. Tulikwenda hivyo mpaka mechi ya mwisho, Kansas State walipotupiga 45-14. Katikati chuo cha TCU tuliwabana kwao, wakashinda 23-17 tu, na Jumatatu ile aliingia amenyooka mgongo. Kufungwa kuna daraja zake. Aliyeko nje anaona sufuri tu.

Mei nikarudi nyumbani. Novemba 2016 nipo Morogoro, nimelala, saa tisa usiku simu inalia. Ni mwanafunzi wangu mwingine kanitumia video. Kansas wamewafunga Texas 24-21 kwenye muda wa nyongeza, watu wameingia uwanjani, wameng'oa nguzo za goli na kwenda kuzitupa kwenye ziwa dogo lililopo chuoni. Nikamwamsha mke wangu nimwonyeshe. Hakuelewa chochote kuhusu mchezo, lakini alikaa kitandani akatazama yote.

Nesi Houston

Mimi ni Mkenya, niko Houston. Mume wangu alisoma Prairie View A&M, hapa karibu, miaka ya tisini. Nendeni mtafute rekodi yao, mechi 80 mfululizo bila ushindi, kuanzia 1989 hadi Septemba 1998 walipowafunga Langston 14-12. Alikaa chuo miaka minne na hakuona timu yake ikishinda hata siku moja! Alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi. Anasema watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya bendi, na bendi nayo ilikuwa inajua vijana uwanjani wanaisikia, kwa hiyo hawakuruhusiana kupiga kivivu hata timu ikiwa nyuma kwa alama 50. Siku ya 14-12 alikuwa ameshamaliza chuo, yuko kazini. Aliomba ruhusa akaenda kukaa kwenye gari alie. Mpaka leo ukimuuliza, sauti inabadilika.

Babu Evanston

Wanangu, nami niongeze kidogo. Nilifika chuo kikuu cha Northwestern 1981, nasomea masomo ya Afrika. Timu ilikuwa haijashinda tangu 1979. Vuli ile walipofungwa na Michigan State wakafikia mechi 29 mfululizo, rekodi ya wakati ule, wanafunzi walivamia uwanja wakiimba kwamba sisi ndio wabovu kuliko wote. Mimi sikushuka. Niliwaona wachezaji wanapita katikati ya ile furaha kuelekea vyumbani, vichwa chini, na nikajiuliza ni nani kati yetu amewauliza kama na wao wanaimba.

Septemba 1982 walishinda, 31-6 dhidi ya Northern Illinois, baada ya kufungwa mechi 34 mfululizo. Nguzo zilibebwa mitaani mpaka Ziwa Michigan. Hiyo siku nilishuka, na koti langu likapotea. Ilipofika msimu wa 1995 chuo kilekile kikafuzu Rose Bowl, ile mechi kubwa ya mwanzo wa mwaka, mimi niko Dar, nasoma habari hiyo kwenye gazeti la wiki iliyopita.

Mama Uvira

Jambo yenu wote. Mimi ni mama wa Kongo, natoka Uvira, tulikaa kambini Nyarugusu miaka mingi, sasa tuko Marekani. Naomba mnivumilie, Kiswahili changu ni cha kwetu.

Mtoto wangu wa tatu anacheza hii futiboli kwenye chuo kidogo. Kule kambini alikuwa anacheza mpira wa miguu, peku, na mguu wake ulikuwa na nguvu sana. Alipofika sekondari huku kocha alimuona anapiga mpira akamuita. Kwa hiyo yeye kazi yake ni kupiga tu, ule mpira upite katikati ya nguzo. Anakaa pembeni mchezo wote, anaitwa mara tatu, mara nne. Chuo chao kiko kwenye daraja ambalo hawalipi wachezaji masomo. Anacheza bure, na usiku anafanya kazi.

Mwaka uliopita walifungwa zote. Mechi ya sita walikuwa nyuma kwa alama mbili, zimebaki sekunde chache, wakamuita. Kama ungepita wanapata tatu, wanashinda. Mimi nilikuwa juu nimeshika kitenge changu na meno. Mpira ulikwenda vizuri halafu ukapinda kama mtu ameuvuta na kamba.

Hakulia. Alisimama palepale alipopigia, wote wameondoka. Niliteremka mimi mama yake lakini kwenye geti wakanizuia. Nilichokiona kutoka pale ndicho ninachotaka kuwaambia. Wale vijana wanene wa mbele, wanaogongana mchezo mzima, ambao uso ulikuwa na damu, watatu walirudi. Hawakumsemesha. Walisimama naye wanaangalia nguzo. Halafu mmoja alimuvua kofia, akamubebea.

Jumamosi iliyofuata nilipika sombe, yale majani ya muhogo, na bugali na samaki, nikapeleka kwa hawa watatu. Walikula kama watoto wangu. Iliyofuata walikuja tisa. Mpaka mwisho wa msimu nilikuwa napika sufuria mbili kubwa, na bado walikuwa wanafungwa. Mwanangu aliniuliza, mama, kwa nini unapikia watu wanaoshindwa? Nikamuambia mimi sikupikia alama.

Jirani wa Tallahassee (mleta mada)

Mama shikamoo. Nimesoma nikaamka kwenye kiti. Babu Evanston, shikamoo pia.

Nimempelekea jirani yangu simu nikamtafsiria hadithi ya Mama mstari kwa mstari. Alinisimamisha pale kwenye kofia, akaniomba nirudie. Yeye na mimi tulikuwepo uwanjani tarehe 30 Agosti 2025 Alabama walipopigwa 31-17, watu wakamwagika uwanjani. Tukabaki juu jukwaani, kwa sababu ya magoti yake. Msimu wenyewe uliishia kushinda tano na kufungwa saba, na bendera bado inapanda.

Mama, kijana bado anacheza?

Mama Uvira

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni mwaka wake wa mwisho. Wamefungwa mbili tayari. Jumamosi wanacheza hapa nyumbani, saa saba mchana. Sombe nimeshanunua, pondu ya duka la Wakongo, inatosha watu ishirini. Mwambie huyo mzee kama magoti yanaruhusu aje, nitamuwekea kiti karibu na geti.