Naomba ushauri: sijui kama nimekwisha kumeza dawa ao bado

Jambo wandugu, mama na baba. Niko Bukavu, nauza makala (makaa ya kupikia) sokoni Kadutu, nina miaka 52. Ugonjwa wa sukari ninao tangu 2014, nameza metformini asubuhi na jioni.

Miezi kama minne sasa nasahau sana. Juzi nilimrudishia mteja chenji mara mbili, naye akanyamaza kimya! Hilo nimemsamehe. Linaloniogopesha ni dawa: namaliza kula, naangalia pakiti, sikumbuki kama nimekwisha kumeza. Usiku mmoja nadhani nilimeza mara mbili, tumbo likanisumbua mpaka asubuhi.

Nilianza kuandika kwenye kaye (daftari), nikasahau kaye yenyewe. Binti yangu ananipigia kunikumbusha, lakini umeme ukikatika siku mbili simu inazimika.

Wenye kuishi na sukari, munafanya namna gani kujua kidonge cha leo kimekwisha kumezwa? Tena nimesikia metformini ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu wake unagusa kumbukumbu. Kuna aliyepimwa hiyo damu? Narudi kwa daktari mwezi ujao, nataka nijue la kumuuliza.